Nota za kwaya au biti ya spika: programu ipi uiweke kwenye kompyuta ya nyumbani?

Uliza kwenye kundi lolote la walimu wa kwaya au maprodyuza chipukizi ni programu gani nzuri ya muziki, utapata vurugu tupu. Mmoja atakwambia FL Studio, mwingine MuseScore, wa tatu atakutumia kreki (nakala ya wizi) ya Finale iliyozunguka kwenye fleshi tangu enzi za Windows XP. Wote wanasema kweli, ila kila mtu anajibu swali lake. Kabla hujamaliza bando kwa kupakua, jiulize kazi yako itaishia wapi. Ikiwa itaishia mikononi mwa watu watakaoisoma na kuiimba, unahitaji programu ya kuandika nota. Ikiwa itaishia kwenye spika, unahitaji sikwensa, yaani programu ya kupanga na kurekodi sauti.

Tofauti inaanzia kwenye kile ambacho kompyuta inakihifadhi. Sikwensa inazungumza MIDI, lugha ya vyombo vya kielektroniki iliyoanza kutumika mwaka 1983. Ndani ya MIDI hakuna F shapu wala G flati, majina mawili ya kitufe kimoja cha kinanda. Kuna namba 66, basi. C ya katikati ya kinanda ni 60, nguvu ya kubonyeza inapimwa kuanzia 0 hadi 127, na urefu wa sauti unahesabiwa kwa vipande vidogo vya muda, mara nyingi 480 kwa kila pigo. Spika haijali 66 inaitwaje. Mwimbaji wa alto anayesoma wimbo ulio katika D anajali sana, kwa sababu akikutana na G flati katikati ya wimbo huo atasimama na kuuliza.

Sasa piga nota ya pigo moja kwenye kinanda kilichounganishwa na kompyuta. Kidole kinaachia mapema kidogo, vipande 437 badala ya 480. Masikioni ni safi kabisa. Ukiimwaga hivyo hivyo kwenye programu ya nota bila kuisafisha, unaletewa nota mbili tatu zilizofungwa pamoja kwa upinde, na pumziko dogo limening'inia mwishoni. Hakuna mwanakwaya atakayekubali kusoma kitu hicho. Ndiyo maana anayetarajia kupiga kinanda kwenye sikwensa kisha aprinti nota za kwaya anajitafutia kazi mara mbili.

Upande wa nota

Kwa mtu wa nyumbani asiye na bajeti, MuseScore ndiyo ya kuanza nayo, na wengi hawatahitaji kuhama. Werner Schweer, Mjerumani, aliianzisha mwaka 2002 kwa kukata sehemu ya nota kutoka kwenye sikwensa yake iliyoitwa MusE. Ni bure, msimbo wake uko wazi, na inaandika chochote kuanzia wimbo wa sauti moja hadi okestra. Kuna mtego mmoja unaowanasa wageni: programu yenyewe inapatikana musescore.org bila malipo, lakini ukiingia musescore.com unakutana na maktaba ya nota inayotaka ulipie usajili. Watu wengi huishia hapo wakidhani programu inauzwa.

Kuandika kwake kunazoeleka haraka. Unabonyeza N kuanza, 5 kwa nota ya pigo moja, 6 kwa mapigo mawili, 4 kwa nusu pigo, kisha herufi A hadi G kwa jina la nota. Mshale wa juu au wa chini unasogeza nusu toni. Ukishika Ctrl pamoja nao unaruka oktava nzima. Baada ya siku chache vidole vinakwenda vyenyewe na mausi inabaki kando. Maneno ya wimbo unayaingiza kwa Ctrl+L: kistari kinakupeleka kwenye silabi inayofuata ya neno lile lile, nafasi inakupeleka neno jingine, na Enter inakushusha kwenye ubeti wa pili.

Hapo kwenye maneno ndipo Kiswahili kinapoziumbua programu za gharama kubwa. Sibelius inaweza kuchukua maneno yote kutoka kwenye faili la maandishi na kuyakata silabi yenyewe, lakini sheria zake za kukata ni za Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya. Chukua "mbingu": silabi zake ni mbi-ngu, nota mbili. Sasa chukua "mbariki": ni m-ba-ri-ki, na M ya mwanzo inadai nota yake au angalau sehemu ya nota. Herufi ni zile zile, mb, ila moja ni silabi na nyingine siyo. "Msifuni" ni nne, "Mwokozi" ni tatu. Hakuna mashine itakayokufanyia kazi hiyo. Utakata kwa mkono, na ukishakata kwa mkono, ubora mkubwa wa Sibelius kwenye eneo hili unayeyuka na MuseScore inakuwa sawa nayo.

Kwa kwaya zinazosoma solfa badala ya nota, hali ni ngumu zaidi. Mfumo wa d, r, m, f ulioenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19 bado unatumika sana Kenya na Tanzania, lakini programu hizi zimejengwa kwa ajili ya mistari mitano. MuseScore inaweza kuweka jina la solfa ndani ya kichwa cha kila nota. Chaguo hilo limefichwa kwenye mipangilio ya stafu (ile mistari mitano), sehemu ya vichwa vya nota. Inasaidia sana kufundishia wanaovuka kutoka solfa kwenda nota. Ila ukitaka solfa ile ya kitabuni, yenye nukta mbili kati ya mapigo na mistari kati ya vipimo, andika herufi hizo kama mstari wa maneno chini ya nota kisha ufiche stafu, au rudi tu kwenye programu ya kawaida ya maandishi na jedwali. Kusema kweli, jedwali mara nyingi linashinda.

Kuhusu toleo: MuseScore 4, iliyotoka Desemba 2022, ina sauti mpya ziitwazo Muse Sounds ambazo zinafanya nyuzi na kwaya zisikike karibu na za kweli. Sauti hizo zinapakuliwa kando, zinakula GB nyingi za diski na bando, na laptopu ya RAM ya GB 4 itazililia. Huzilazimiki. Sauti za kawaida zinazokuja na programu zinatosha kabisa kusikia kama sauti za tena (tenor) na besi zimegongana. Kama kompyuta ni ya zamani mno, toleo la 3.6.2 bado linapatikana na linakimbia kwenye mashine dhaifu. Kumbuka tu kwamba faili lililohifadhiwa kwenye 4 linaweza kukorofisha kwenye 3, kwa hiyo kwaya moja ikubaliane toleo moja.

Finale inahitaji neno la pekee kwa sababu watunzi wengi wa nyimbo za kwaya huku kwetu wameandikia humo miaka nenda rudi. Ilianza 1988, na Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ikatangaza kwamba haitaiendeleza tena. Nakala uliyonayo haizimiki kesho, lakini kila Windows mpya na kila Mac mpya inaisogeza karibu na mlango. Mafaili yake ya .musx na .mus programu nyingine nyingi haziyafungui vizuri. Kinachotakiwa ni kuyafungua ndani ya Finale yenyewe, mmoja mmoja au kwa mkupuo, na kuyatoa kwa MusicXML, umbizo ambalo programu zote za nota zinalisoma. Fanya hivyo wakati Finale bado inawaka kwenye mashine yako. PDF haitoshi: ni picha ya nota, na kuirudisha iwe nota za kuhaririwa ni kazi inayozaa makosa kila kipimo cha pili. Usiweke Finale mpya kwenye kompyuta leo, hata ukipewa bure.

Sibelius na Dorico ni ndugu waliotengana. Mapacha Ben na Jonathan Finn wa Uingereza walitoa Sibelius mwaka 1993 kwenye kompyuta za Acorn. Avid ikainunua 2006, na mwaka 2012 ikafunga ofisi ya London iliyokuwa na waundaji wake. Steinberg ya Ujerumani ikawachukua wengi wao, chini ya Daniel Spreadbury, wakaanza upya kabisa na kutoa Dorico mwaka 2016. Ukilinganisha leo, Sibelius mara nyingi unailipia kwa usajili na imezoeleka mno kwenye vyuo, kwa hiyo ukipelekwa kusoma muziki nje ya nchi huenda ukaikuta. Dorico unainunua mara moja, na inapanga ukurasa kwa akili zaidi: ukiongeza kipimo kimoja katikati, vyote vinavyofuata vinajipanga upya bila kuvunja mapigo. Zote mbili zina toleo la bure lenye kikomo cha idadi ya vyombo. Kwa sauti nne na kinanda, sioni unachokinunua humo ambacho MuseScore haina. Kwa mtu anayepanga bendi ya shaba ya watu ishirini na kutoa karatasi ya kila mpigaji peke yake, Dorico inastahili fedha yake.

LilyPond nayo ipo, bure, na ndiyo inayotoa kurasa nzuri kuliko zote. Unaandika muziki kama maandishi, `c4 d e f`, kisha unaigeuza kuwa PDF. Wapenda kompyuta wataifurahia. Wengine waipite.

Upande wa sauti

Huku ladha inatawala zaidi, na mimi nina upendeleo wangu, nitausema.

FL Studio, iliyoanza kama FruityLoops mwaka 1997 huko Ubelgiji, ndiyo iliyolea chumba cha kulala kikawa studio. Gridi yake ya hatua 16 inamfanya mtu apate biti ndani ya dakika tano, na ukishalipa mara moja masasisho yote yajayo ni bure maisha yako yote, jambo ambalo washindani wake wachache sana wanalifanya. Kwa bongo fleva, amapiano au singeli inayopita mapigo 200 kwa dakika, ni vigumu kuishinda. Vikwazo vyake vijue mapema. Toleo la majaribio linakuruhusu kuhifadhi kazi, lakini haliifungui tena mpaka ununue. Toleo la chini kabisa, Fruity, kwa miaka mingi halikuwa la kurekodi sauti ya maikrofoni, kwa hiyo anayetaka kumrekodi mwimbaji ahakikishe kwanza kama toleo analonunua linarekodi. Na gridi ile ya 16 imezaliwa na mapigo manne ya mraba. Ukitaka mdundo wa ngoma wa 12/8, wenye mapigo matatu dhidi ya mawili, badilisha mipangilio ya mradi hatua ziwe tatu kwa kila pigo. Usipofanya hivyo utakuwa unalazimisha ngoma itembee kama askari kwenye gwaride.

Hilo linanileta kwenye kitufe cha kwantaizi, kilichomo kwenye sikwensa zote. Kinavuta kila nota mpaka ikae juu ya mstari wa gridi. Kwa hi-hat ya singeli ni sawa. Kwa ngoma iliyopigwa na mkono wa mtu, ukivuta asilimia 100 unaua kile kilichofanya watu wainuke. Sikwensa nyingi zina kipimo cha nguvu ya kuvuta. Kiweke kwenye 50 au 60 na usikilize tena kabla hujagusa kitu kingine.

Reaper ndiyo upendeleo wangu. Imetengenezwa na Justin Frankel, yule yule aliyetuletea Winamp, na ina tabia ile ile: faili dogo la kupakua, linafunguka upesi, linakimbia kwenye mashine ya zamani. Unaijaribu siku 60 bila kufungiwa kitu chochote, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Inarekodi kwaya nzima kwa maikrofoni kadhaa bila kulalamika. Ubaya wake ni kwamba inakuja karibu mikono mitupu: hakuna ngoma, hakuna piano, hakuna sampo. Ala zote utazitafuta mwenyewe kama programu-jalizi za VST, yaani programu ndogo zinazochomekwa ndani ya sikwensa, na nyingi nzuri ni za bure, ila anayeanza hujikuta mbele ya ukurasa mtupu na kukata tamaa. Kwa hiyo ukilinganisha hizi mbili: FL kwa anayetengeneza muziki kutoka kichwani, Reaper kwa anayerekodi watu.

Mwenye Mac aanze na GarageBand iliyomo tayari, kisha akikua aende Logic. Miradi ya ile inafunguka kwenye hii. LMMS ni ya bure na inaiga FL kwa mbali, lakini toleo lake thabiti halirekodi maikrofoni, na kwa wengi hilo linamaliza mjadala. Cubase ni kubwa na ya siku nyingi, tangu 1989 kwenye Atari, na kwa kuwa Steinberg ndiyo inayotengeneza Dorico pia, Cubase 14 ya mwishoni mwa 2024 imeingiziwa kihariri cha nota kilichotokana na Dorico. Ndiyo iliyosogea karibu zaidi na ndoto ya kufanya yote mawili mahali pamoja. Bei ya toleo kamili ndiyo inayoiweka mbali na nyumba nyingi.

Kitu kimoja cha kiufundi kinawakosesha wengi raha, nao huilaumu programu bure. Unabonyeza kinanda, sauti inachelewa. Kwenye Windows, sababu kwa kawaida ni kiendeshi (driver) cha sauti. Ukiingiza ASIO4ALL, ambayo ni bure, au kiendeshi kilichokuja na kadi yako ya nje ya sauti, kisha ukaweka bafa (akiba ndogo ya sauti inayokusanywa kabla ya kutolewa) kwenye sampuli 256, ucheleweshaji wa bafa hiyo kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 6, na kidole hakiuhisi. Bafa ya 1024 ni milisekunde 23. Hapo mpigaji yeyote analalamika. Wakati wa kurekodi weka ndogo, wakati wa kuchanganya rudisha kubwa ili kompyuta ipumue.

Taarab haikai kwenye funguo 12

Anayeandika taarab ya asili ana swali lake. Maqam (ngazi ya sauti ya Kiarabu) ya Rast ikianzia C inataka E iliyo kati ya E na E flati, yaani robo toni, na B vivyo hivyo. MuseScore ina alama hizo za kuandika, na kwenye karatasi mpiga fidla atazielewa. Dorico Pro inakwenda mbali zaidi kwa kukuruhusu uunde mfumo wako wa toni, na inazicheza kama ulivyoandika.

Kwenye sikwensa njia ya kawaida ni kupinda sauti. MIDI inapinda kwa namba kuanzia 0 hadi 16,383, katikati ikiwa 8,192, na kwa mpangilio wa kawaida upeo ni toni nzima juu na toni nzima chini. Robo toni ni robo ya upeo huo, yaani 2,048; kushusha E nusu ya njia kuelekea E flati unaweka 6,144. Shida ni kwamba mpindo unaivuta chaneli nzima, yaani njia nzima ya MIDI ambamo nota hizo zinapita. Ukipiga kodi (chord, nota kadhaa kwa pamoja) yenye E hiyo, nota nyingine nazo zinashuka. Kwa hiyo gawa: ganuni chaneli moja, fidla nyingine, na nota yenye robo toni iwe peke yake pale inapolia pamoja na nyingine. Chaneli ziko 16, zinatosha takhti ndogo, yaani kundi dogo la wapigaji. Kazi ni ya kuchosha, na kama lengo ni rekodi tu, kumwita mpiga fidla na kuwasha maikrofoni ni haraka zaidi.

Ukihitaji zote mbili

Mwalimu wa kwaya aliye makini huishia kuwa na MuseScore na Reaper kwenye mashine moja, na jumla ya gharama ni zile dola 60. Zinaingia pamoja kwenye laptopu ya GB 4, mradi tu usizifungue kwa wakati mmoja ukiwa na Chrome ya tabu ishirini. Mwelekeo wa kazi uwe kutoka nota kwenda sauti, si kinyume. Andika wimbo, sahihisha, kisha toa MIDI na uiingize kwenye Reaper kama msingi wa kurekodia. Ukimtumia mwenzako anayeandika nota, mpe MusicXML, kamwe si MIDI, la sivyo atapokea maneno yaliyopotea, mipinde iliyofutika na shapu zilizogeuka flati.

Weka hifadhi ya kiotomatiki kila dakika 2 kwenye programu zote mbili. Umeme hautoi taarifa, na betri za laptopu za mitumba tunazijua.

Kwa mazoezi, tumia mikisa ya MuseScore. Iache alto kwenye sauti kamili, shusha nyingine tatu mpaka zisikike kwa mbali, toa MP3, ipe jina "Alto" na uitume kwenye kundi. Rudia kwa soprano, tena na besi. Faili la wimbo wa dakika nne ni MB chache, na anayeshindwa kusoma nota atasikia mstari wake akiwa kwenye daladala.